Nimefunga, nimekesha, nimeapa, na bado narudi kwenye kubeti

SWALI

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Kilimanjaro, nina mke na watoto wawili, na ni mhazini wa kwaya katika usharika wetu wa Kilutheri. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, wala sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa mimi ninayeandika, lakini nimefika mahali ambapo sijui nimweleze nani.

Nilianza kubeti kwa mzaha pamoja na walimu wenzangu, kila mmoja akiweka shilingi mia tano au elfu moja kwenye mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza. Mwanzoni nilishinda kiasi cha kunifurahisha, nikamnunulia mke wangu kitenge na kumwambia kwamba ni posho ya kusahihisha mitihani. Uongo ulianzia hapo. Sasa imepita zaidi ya miaka miwili, na mshahara ukiingia, kabla sijalipa ada wala kutoa ahadi yangu kanisani, tayari nimeshaweka mkeka, yaani ubashiri wa mechi nyingi kwa pamoja ambao hulipa zikikubali zote. Usiku, mke wangu akiwa amelala, napunguza mwanga wa simu ndani ya chandarua na kufuatilia mechi za nchi ambazo hata majina ya timu zake siwezi kuyatamka. Mara nyingi mkeka wa mechi 12 huchanwa na timu moja tu, kwa goli la dakika za nyongeza, na badala ya kuona kwamba nimepoteza najiambia kwamba nilikuwa nimekaribia.

Siyo kwamba sijapambana, Mchungaji. Nimefunga na kuomba. Nimekwenda mkeshani nikawekewa mikono, ingawa sikusema naombewa nini. Nilisema tu kwamba nina vita vya kiroho. Nimeapa mbele za Mungu na kukiandika kiapo hicho pamoja na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia yangu, kisha nikakivunja na kuandika kingine chini yake. Mtumishi mmoja mjini aliniambia kwamba nina roho ya kamari ya ukoo, akaniuzia mafuta ya upako; nilijipaka, na wiki hiyohiyo nikarudi kulekule.

Kilichonisukuma kukuandikia ni hiki. Wanakwaya walichanga fedha za kushona sare mpya za Pasaka, na zote ziliingia kwenye namba yangu ya simu. Nilichukua kidogo nikiamini nitazirudisha jioni, nikapoteza, nikachukua nyingine ili nizirudishe zile za kwanza. Zimekwenda zaidi ya shilingi laki nane. Fundi anadai kianzio, na mwenyekiti nimemdanganya kwamba mtandao unasumbua.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, mimi nimeokoka kweli? Paulo anasema kwamba uweza wa Bwana hutimilika katika udhaifu. Udhaifu ninao, mbona uweza siuoni? Pili, kuna rafiki anayeweza kunikopesha. Nikizirudisha fedha hizo kabla hawajajua, si yatakuwa yamekwisha kati yangu na Mungu? Tatu, Jumapili ijayo tuna Chakula cha Bwana. Nishiriki, au nibaki kwenye benchi watu wakijiuliza kulikoni?

Tafadhali usitaje jina langu.

Mhazini, Kilimanjaro

JIBU

Ndugu yangu Mhazini,

Amina, Bwana asifiwe. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta ndani yake mtu anayekufahamu na ambaye pia anajua kwamba unabeti, na sikumwona. Mkeo hajui. Mchungaji wako hajui. Waliokuwekea mikono mkeshani waliombea vita visivyo na jina. Anayejua ni yule aliyekuuzia mafuta, na huyo hana haja ya kukuulizia hali tangu alipopokea fedha yake. Umefunga kwa siri, umeapa kwa siri na kuvunja kiapo kwa siri, na sasa unaomba nikuruhusu kurudisha fedha za watu kwa siri. Naona swali lako kuhusu nguvu limefungwa hapo, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Kwanza niseme kwa ufupi juu ya wokovu wako. Aliyeandika, “Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo,” ni Mtume Paulo, katika Warumi 7. Wako wanaofundisha kwamba hapo Paulo anaeleza maisha ya mtu kabla hajamjua Kristo. Augustino wa Hippo, askofu wa Kanisa la kale huko Afrika ya Kaskazini, naye alidhani hivyo hapo mwanzoni, lakini baada ya miaka mingi ya uaskofu alibadili mawazo na kukubali kwamba hiyo ni sauti ya mwamini anayepigana na mwili wake. Martin Luther, ambaye kanisa letu la Kilutheri limeitwa kwa jina lake, akamfuata katika hilo, nami nawafuata wote wawili. Mtu ambaye dhambi yake haimsumbui hukesha kuangalia mechi; haandiki kiapo nyuma ya Biblia. Lakini usiifanye sura hiyo kuwa godoro la kulalia, maana Paulo hakuishia kwenye “Ole wangu, maskini mimi!” bali aliuliza ni nani atakayemwokoa, na kuuliza hivyo ni kukubali kwamba hawezi kujiokoa mwenyewe.

Sasa tulitazame lile andiko ulilolinukuu, kwa sababu umelinukuu nusu. Mwiba wa Paulo katika 2 Wakorintho 12 haukuwa dhambi. Ulikuwa mateso, ambayo alimsihi Bwana mara tatu yamwondokee, yasiondoke, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Hakuna mahali ambapo Mungu anasema neema yake inatosha ili mtu aendelee kula fedha za kwaya. Hata hivyo andiko hilo lina neno kwako, nalo liko katika sehemu uliyoiacha: “Basi nitajisifia udhaifu wangu kwa furaha nyingi, ili uweza wa Kristo ukae juu yangu.” Paulo aliyaandika hayo katika waraka uliosomwa mbele ya kusanyiko zima la Korintho, ambamo walikuwamo watu waliomdharau na kusema kwamba barua zake ni nzito lakini mwenyewe ni dhaifu. Udhaifu ambao uweza wa Kristo ulikaa juu yake ni ule alioutoa hadharani. Wewe udhaifu unao, ni kweli, lakini umeufunika kwa sifa ya mwalimu, ya mhazini na ya mtu wa maombi, kisha unashangaa kwamba uweza hauonekani.

Katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino anasimulia habari za rafiki yake Alipio, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Alipokuwa Roma akisoma sheria, Alipio aliyachukia mapigano ya kuuana yaliyokuwa yakionyeshwa uwanjani, lakini wenzake walimkokota kwa mzaha wa kirafiki, naye akawaambia kwamba wataupeleka mwili wake tu, kwa kuwa macho yake atayafumba. Aliyafumba kweli. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukalipuka kwa kelele, na Alipio, aliyesahau kwamba masikio hayana kope, akafumbua macho; tangu dakika hiyo hakuwa tena yule aliyeletwa, akapiga kelele pamoja nao, na baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wengine. Maelezo ya Augustino ni kwamba roho ya Alipio ilikuwa na ujasiri kuliko nguvu, kwa sababu ilijitegemea yenyewe pale ilipopasa kumtegemea Mungu. Viapo vyako, ndugu yangu, ni yale macho ya Alipio. Uliviandika kwa moyo mweupe, sina shaka, lakini uliviandika ukiwa bado ndani ya uwanja, simu mkononi, mshahara kwenye simu, mke amelala.

Mtu wa kumtegemea Mungu hufanya nini basi? Yakobo anajibu: “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa.” Angalia mpangilio wake, kwamba kuungama kunatangulia kuombeana, ili anayekuombea ajue anaombea nini. Waumini wengi wa Kilutheri wanadhani kwamba kuungama mbele ya mchungaji ni jambo la Wakatoliki peke yao, na kila mara nasikitika nikilisikia hilo, kwa sababu Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo tunawafundisha watoto wa kipaimara, ina sehemu nzima inayoeleza jinsi ya kuungama mbele ya mchungaji zile dhambi tunazozijua na zinazotulemea moyoni, na Ungamo la Augsburg la mwaka uliofuata, yaani tamko la imani ya Kilutheri, linasema wazi kwamba ondoleo la dhambi la faragha lisiachwe makanisani. Sababu yake si kwamba mchungaji ana uwezo wake mwenyewe. Mtu aliyezoea kujidanganya hawezi kulisikia neno la msamaha kutoka kinywani mwake mwenyewe na kuliamini. Anahitaji mwingine aliyeisikia dhambi yenyewe kwa jina lake, ambaye baada ya kuisikia anamtazama usoni na kumwambia kwamba imesamehewa kwa jina la Yesu.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili. Vuguvugu lile lililoanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na Kenya, lilikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1: watu walikutana katika vikundi, wakazitaja dhambi zao, na walioiba wakabeba walichoiba na kukirudisha kwa wenyewe. Palikuwa na kuzidisha pia. Baadhi waliungama mbele ya halaiki mambo yaliyowaumiza wake zao na majirani ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo sikutumi kwenye kipaza sauti siku ya Jumapili. Nakutuma kwa watu wachache, ana kwa ana, ukianza na mkeo.

Naam, mkeo kwanza, kabla ya mwenyekiti na hata kabla ya mchungaji, kwa sababu ada iliyopotea ni ya watoto wake na kile kitenge cha uongo kimo sandukuni mwake. Usimpe habari kidogo kidogo ukipima anavyolipokea, maana kila kipande kipya kitakachofuata kitamwonyesha kwamba kile cha kwanza kilikuwa uongo mwingine. Mwambie kiasi chote, mikopo yote kama ipo, na habari za kwaya. Huenda akalia, huenda akanyamaza kwa siku kadhaa, huenda akaenda kwao. Usimjibu kwa maandiko ya kusamehe; hayo si yako kumsomea.

Kuhusu mkopo wa rafiki, jibu langu ni hapana. Kurudisha fedha ni lazima, na Maandiko ni makali katika hilo: Torati katika Hesabu 5 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kiasi kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na Zakayo aliahidi mara nne. Lakini kuungama kumetajwa humo, wala hakuna ruhusa ya kuchagua nusu moja. Ukirudisha kimya kimya utakuwa umebadilisha mdai tu. Utabaki mhazini, namba yako itaendelea kupokea michango, na moyo wako utakuwa umejifunza kwamba mambo haya yanaweza kupita bila mtu kujua, somo ambalo litakugharimu zaidi ya laki nane. Mwenyekiti wa kwaya na wanakwaya waliochanga wana haki ya kujua fedha yao imekwenda wapi. Mwombe mchungaji wako aende nawe kwa mwenyekiti. Peleka daftari la michango likiwa limeandikwa ukweli, kabidhi uhazini bila kusubiri kuombwa, na pendekeza kiasi utakachokatwa kila mwezi, kikiwa kimepangwa pamoja na mkeo. Huenda usharika ukakuweka chini ya nidhamu ya kanisa, ukubali. Na kwaya yenyewe, niseme kwa kupita, haikupaswa kuweka michango ya watu wengi kwenye namba ya mtu mmoja, wakati akaunti ya benki yenye watia saini watatu si jambo gumu kufungua.

Kuna mambo ya mwili pia, wala usiyaone madogo kuliko maombi. “Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake,” yasema Warumi 13:14. Programu ya kubashiri kwenye simu ya mtu mwenye udhaifu wako ni kuni zilizokwisha kupangwa. Iandikie kampuni husika ukiomba akaunti yako ifungwe kabisa, kisha ufute programu mkeo akiona. Mshahara uingie mahali ambapo yeye anauona na bila yeye hautoki. Tumia simu ndogo ya vitufe kwa miezi kadhaa, hata wenzako wakikucheka katika chumba cha walimu. Simu isilale chumbani. Jumamosi jioni, saa ambazo mechi zinachezwa, usikae peke yako, kwa sababu Bwana alisema juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa lakini ikaachwa tupu, kwamba yule aliyetolewa hurudi na wenzake saba. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, fanya hesabu hii ubaoni ukiwa peke yako: kama kila timu unayoichagua ina nafasi 60 katika 100 ya kushinda, mkeka wa mechi 12 utakubali takriban mara 2 katika 1,000. Hukuwa umekaribia.

Juu ya roho ya kamari ya ukoo sitabishana na aliyekuambia, ila naona kwamba maelezo yake yamekutua mzigo wa kuungama, kwa kuwa mtu aliyerithi pepo anakemewa tu na kwenda nyumbani, hana wa kumwomba radhi. Kwa upande mwingine, usione aibu kutafuta mganga wa hospitali. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari isiyozuilika miongoni mwa magonjwa ya uraibu katika orodha yake ya 11 ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na hospitali zenye idara za afya ya akili huwapokea watu wenye shida hiyo. Ukiona usingizi umekukimbia kabisa, au ukianza kuwaza kwamba ni heri usiwepo, usisubiri ibada ijayo. Mwambie mkeo siku hiyohiyo na mwende hospitali.

Je, utaanguka tena? Inawezekana. Katekisimo hiyohiyo, inapoeleza maana ya ubatizo, inasema kwamba Adamu wa kale ndani yetu anapaswa kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Kilichokuumiza katika viapo vyako ni kwamba kila kimoja kilidai kuwa cha mwisho, hivyo kilipovunjika kilikuachia kazi moja tu, kukificha. Safari hii usiape. Omba asubuhi kwa ajili ya siku hiyo, kwa maneno machache, na mkubaliane na mkeo kwamba ukiteleza atajua kabla jua halijazama. Jaribu likija saa nne usiku, kumwamsha na kumwambia, “Mama, nimeshikwa,” ni sala kamili. Ndivyo ninavyouelewa ule mlango wa kutokea unaotajwa katika 1 Wakorintho 10:13.

Limebaki la Chakula cha Bwana. Paulo anasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Hasemi ajihoji kisha akae mbali. Luther ameandika kwamba kufunga na kujitayarisha kimwili ni zoezi jema la nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno yale, kwamba mwili na damu vimetolewa kwa ajili yake kwa ondoleo la dhambi. Dhambi yako, basi, haikuzuii kwenda mezani. Inayokuzuia ni ile siri, kwa kuwa huwezi kupokea kikombe pamoja na watu ambao saa hiyohiyo unawadanganya kuhusu fedha yao. Mwone mchungaji wako kabla ya Jumapili hiyo, ukiwa umekwisha kuzungumza na mkeo. Ukishaungama mbele yake, yeye ndiye mwenye kukuambia uje mezani Jumapili hii au usubiri hadi mtakapokuwa mmeonana na mwenyekiti, nami kwa hilo sitamwamulia.